Wasomaji Wauliza: Kumuenzi Marie Curie wa wakati wa vita

Barua za mara hii karibu zote zimetoka mkoani Tanga, na zote zinazunguka jambo moja. Klabu ya sayansi ya sekondari moja ya Ngamiani inataka kumuenzi Marie Curie kwa kazi aliyoifanya katika vita vya 1914 hadi 1918. Habari imesambaa mtaani, na sasa anauliza mwalimu, fundi, mwanafunzi wa uuguzi na kamati ya wazazi. Tumezipanga barua kwa namna itakayosaidia maandalizi, hivyo iliyofika mwanzo huenda umeikuta katikati.

SWALI: Shikamooni. Mimi ni mlezi wa klabu. Wanafunzi wangu wanamjua Marie Curie kwa radiumu na zile Nobeli mbili, basi. Mkuu wa shule anauliza aliwafanyia nini hasa majeruhi wa vita, na tufanye shughuli hii siku gani. — Mwalimu wa fizikia, Ngamiani

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Tuanze na siku, maana kalenda imewapendelea watu wa Tanga. Marie Curie alizaliwa Warsaw tarehe 7 Novemba 1867. Kesho yake, tarehe 8 Novemba, wataalamu wa mionzi duniani huadhimisha siku ambayo Wilhelm Röntgen aliigundua eksirei mwaka 1895. Na vita vya Tanga vilipiganwa siku hizo hizo za mwezi huo, kuanzia tarehe 2 hadi 5 Novemba 1914. Mwanzoni mwa Novemba hiyo hiyo, wakati meli za Waingereza zinaikaribia bandari yenu, Marie Curie alikuwa njiani kutoka Paris kwenda hospitali ya jeshi ya Creil, akiwa na gari lenye mashine ya eksirei na binti yake Irène, aliyekuwa na miaka 17. Chukueni wiki nzima, tarehe 2 hadi 8 Novemba. Hamtapata tarehe nzuri kuliko hizo.

Sasa kazi yenyewe. Vita vilipoanza Agosti 1914, mashine za eksirei zilikuwepo Ufaransa, lakini zilikuwa katika hospitali kubwa za mijini. Majeruhi walikuwa mbali, wamelazwa katika majumba, mashule na mahema, mengi hayana umeme. Mtu mwenye kipande cha kombora pajani alipasuliwa kwa kubahatisha: daktari anaingiza kisu hapa, hakuna, anapasua pale. Kila mpasuo wa bure ulikuwa mlango wa uchafu kuingia, na wakati ule antibiotiki hazikuwepo. Kidonda kikioza, kinachofuata ni kukatwa mguu au kifo.

Marie Curie aliona kwamba ikiwa majeruhi hawezi kuifikia mashine, mashine imfuate. Alipewa jukumu la kusimamia eksirei chini ya Msalaba Mwekundu, akazunguka kwa wanawake matajiri wa Paris kuomba magari, akazunguka maabara na viwandani kuomba vifaa. Mwisho wa vita alikuwa amekamilisha magari 20 na kusimamisha vyumba 200 vya eksirei katika hospitali za nyuma ya mstari wa mapigano. Inakadiriwa kwamba majeruhi zaidi ya milioni moja walipimwa kwa vifaa hivyo. Magari hayo askari waliyaita "akina Curie wadogo".

Kuna jambo ambalo tungependa wanafunzi wenu walione vizuri, kwa sababu picha za ukutani hulificha. Alipoanza alikuwa na miaka karibu 47, mjane, profesa, na mshindi wa Nobeli mbili, ya fizikia mwaka 1903 na ya kemia mwaka 1911. Akakaa chini kujifunza upya: maumbile ya mwili wa binadamu, namna ya kuendesha mashine ya eksirei, ufundi wa gari. Leseni ya udereva aliipata mwaka 1916. Tairi likipasuka njiani alilibadilisha. Kabureta ikiziba aliisafisha. Na mwaka huo wa 1916 alianza kuwafundisha wanawake kazi ya eksirei katika Taasisi ya Radiumu mjini Paris: nadharia ya umeme na mionzi, maumbile ya mwili, na mazoezi ya mikono. Hadi vita vinakwisha, wanawake wapatao 150 walikuwa wamehitimu. Irène alikuwa mmoja wa walimu wao.

Makosa mawili huandikwa kila mwaka kwenye mabango ya shule, yaepukeni. Marie Curie hakugundua eksirei. Aligundua poloniamu na radiumu, pamoja na mumewe Pierre. Na hakuwa daktari wa tiba. Alikuwa mwanafizikia na mwanakemia, na ndiyo maana ilimlazimu kujifunza mifupa na mishipa ukubwani.

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni fundi magari, vijana wa klabu wameniomba niwasaidie kuonyesha gari hilo lilivyofanya kazi. Nimesikia umeme wake ulitoka kwenye injini. Inawezekanaje, na volti 12 za gari zingetosha? — Fundi, Makorora

JIBU: Fundi, umeshalijua nusu ya jibu. Injini ya gari ilizungusha dinamo iliyofungwa kwa ajili hiyo, ya volti 110 na ampea 15. Zidisha: wati 1,650. Gari linafika, linasimama karibu na dirisha la wodi, injini inaachwa inaunguruma, na waya mrefu unavutwa kutoka kwenye dinamo hadi ndani. Mizigo ilikuwa hii: chupa ya kioo inayotoa eksirei pamoja na stendi yake, koili kubwa ya kupandisha volti, meza ya kukunja, skrini inayong'aa ikipigwa na mionzi, sanduku la vioo vya picha, mapazia meusi ya kuziba madirisha, glavu za kujikinga, na gurudumu la waya. Timu iliyozoea iliweza kushusha, kufunga na kuwa tayari kwa kama nusu saa.

Chupa ya eksirei haifanyi kitu kwa volti 110. Inataka makumi ya maelfu. Hapo ndipo ilipoingia koili, na wewe unaishika koili ya namna hiyo kila siku. Katika gari la petroli la zamani, betri inatoa volti 12, platini inakatakata mkondo, na kila inapokata koili inarusha volti nyingi hadi plagi inatoa cheche. Koili ya eksirei ni kanuni ile ile kwa ukubwa mwingine. Dinamo hutoa mkondo wa moja kwa moja, na mkondo wa namna hiyo usipokatwakatwa koili haitoi kitu. Kwa hiyo mafundi wa wakati ule waliweka kikatizi, ndiyo platini yao, kilichoukata mkondo mara nyingi kwa sekunde.

Yaliyokuwa yakiharibika nayo utayaelewa upesi. Injini ikipunguza mzunguko, volti zinashuka, picha inafifia katikati ya kazi. Ilibidi mtu asimame na injini muda wote. Kikatizi kilichafuka na kuungua. Na chupa zenyewe zilikuwa na tabia. Aina iliyotumika zaidi mwanzoni ilihitaji gesi kidogo sana ndani ili ifanye kazi, na gesi hiyo ilipungua kadiri chupa ilivyotumika. Ikipungua, mionzi inakuwa mikali kupita kiasi, inapenya mfupa na nyama karibu sawa, na picha inakuwa ya kijivu isiyoonyesha kitu. Waliita hali hiyo chupa kuwa "ngumu". Dawa yake ilikuwa kamrija kadogo ka paladiamu kaliyochomekwa kwenye kioo: unakapasha moto kwa taa ya spiriti, haidrojeni inapenya kuingia ndani, chupa inalainika. Ukizidisha moto gesi inazidi, mionzi inakuwa dhaifu, inaishia kwenye ngozi ya mgonjwa. Wanawake wale 150 walifundishwa kuusikia na kuuona ugonjwa huo wa chupa kama wewe unavyosikia injini inayokosa.

Kwa maonyesho, usijaribu kutengeneza eksirei. Tunalisema hili kwa uzito: usiunganishe koili ya plagi na balbu yoyote iliyotolewa hewa, hata kama kijana amekuonyesha video. Inaweza kutoa mionzi kweli, na shoti yake inaua. Onyesha nusu ya kwanza tu, ya mwendo kugeuka umeme, kwa baiskeli na dinamo yake ya volti 6, wati 3. Pindua baiskeli, ifunge kwenye meza, dinamo igusane na tairi la nyuma, na taa iwe mbali, mita 5 hivi, ili watu waone waya mrefu kama ule wa wodini. Tumia balbu ya kawaida ya taa ya baiskeli, usitumie LED. Ile LED isiyo na kinga huungua mtoto akikazana na pedali. Mambo mawili hukwamisha. Kichwa cha dinamo huteleza tairi likiwa na mafuta au upepo umepungua. Na waya wa pili wa dinamo hizi ni fremu yenyewe, kwa hiyo kwangua rangi na kutu pale skrubu inapokamata. Kwa hewa ya bahari ya Tanga usipokwangua taa haiwaki, na utalaumu dinamo bure.

Ukimaliza, waambie wanafunzi wapige hesabu: wati 1,650 gawanya kwa 3. Zingehitajika baiskeli 550 kufanya kazi ya dinamo moja ya gari lile. Watalikumbuka hilo kuliko hotuba.

SWALI: Nasoma uuguzi hapa Tanga. Picha ya eksirei ni bapa, inaonyesha risasi iko kulia au kushoto, juu au chini. Lakini daktari mpasuaji anahitaji kujua iko kina gani. Bila kompyuta walijuaje? — Mwanafunzi wa mwaka wa pili, Bombo

JIBU: Dada, hili ndilo swali lililotufurahisha kuliko yote, na jibu lake mnaweza kulifanya mezani kwa simu ya mkononi.

Njia rahisi ilikuwa kupiga mara mbili, mbele na ubavuni. Lakini majeruhi mwenye nyonga iliyovunjika humgeuzi. Basi alibaki amelala, wakaisogeza chupa. Chupa ikiwa juu yake na kioo cha picha chini yake, kivuli cha risasi kinaangukia mahali fulani. Sogeza chupa pembeni kwa kipimo unachokijua, kivuli nacho kinahama kwenda upande wa pili. Risasi iliyo karibu na kioo kivuli chake huhama kidogo. Iliyo mbali na kioo huhama sana. Ni pembetatu mbili zinazofanana, za kidato cha pili.

Hesabu yake hii. Kimo cha chupa kutoka kwenye kioo kizidishe kwa umbali kivuli kilivyohama, kisha gawanya kwa jumla ya umbali ulioisogeza chupa na umbali kivuli kilivyohama. Chupa iko sentimita 60 juu ya kioo, umeisogeza sentimita 10, kivuli kimehama sentimita 2. Sitini mara mbili ni 120. Gawanya kwa 12. Risasi iko sentimita 10 juu ya kioo. Mgonjwa akiwa amelala chali juu ya kioo, hiyo ni sentimita 10 kutoka mgongoni.

Kuifanya mezani: chukua karatasi ya grafu, iweke mezani. Chomeka kifungo cha shati kwenye ncha ya kijiti cha mshikaki, kijiti kisimame kwenye kipande cha sponji, kifungo kilale bapa, kiwe sentimita 10 juu ya karatasi. Funga rula juu kwa vitabu au stendi ya maabara, sentimita 60 kutoka kwenye karatasi, na telezesha simu juu yake tochi ikiangalia chini. Zima taa, funga mapazia. Chora ukingo wa kushoto wa kivuli, sogeza simu sentimita 10, chora tena ukingo ule ule wa kushoto, pima katikati ya michoro. Baadaye funika kijiti kwa boksi lililo wazi chini, umpe mgeni vipimo mlivyochukua, akokotoe kimo cha kifungo kabla ya kuinua boksi. Mkikipandisha hadi sentimita 20, kivuli kitahama sentimita 5. Kikiwa sentimita 5, kitahama milimita 9 tu.

Makosa utakayoyaona ni yale yale ya mwaka 1914. Simu yenye taa mbili hutoa vivuli viwili. Ziba moja kwa plasta. Tochi kubwa yenye kioo cha kuakisi hutoa kivuli chenye kingo za ukungu, nayo chupa iliyochakaa ilifanya hivyo. Ukichora ukingo wa kushoto mara ya kwanza na wa kulia mara ya pili, umepotea kabisa. Ukikosea milimita 1 tu katika kupima kivuli, ukasoma 1.9 badala ya 2, jibu linakuja sentimita 9.6, milimita 4 zimekwenda, na katika shingo ya mtu milimita 4 zinatosha kuugusa mshipa. Kivuli pia huwa kikubwa kuliko kitu: kifungo cha sentimita 1 hapo juu kitaonekana 1.2. Daktari asiyelijua hilo alitafuta chuma kikubwa kuliko kilichomo.

Kosa kubwa zaidi halimo mezani. Majeruhi akivuta pumzi au akijikunyata kwa maumivu kati ya picha ya kwanza na ya pili, hesabu yote ni takataka. Na hata ikiwa sahihi, alama ya wino iliyochorwa kwenye ngozi inasema kweli kwa mkao ule tu. Ukimlaza ubavu chumba cha upasuaji, nyama inahama na chuma kinahama nayo. Ndiyo maana mara nyingi Marie Curie alikaa ndani na daktari wakati wa kupasua, skrini ikiwa tayari, mkasi na chuma vikionekana pamoja. Ilikuwa lazima chumba kiwe giza totoro na macho yao yazoee giza kama robo saa kabla ya kuanza. Mtu akifungua mlango kwa pupa, robo saa nyingine inaanza upya.

Vioo vya picha navyo vilitaka uangalifu. Vilivunjika, na vikiachwa karibu na chupa inayofanya kazi viliungua vyote boksini bila mtu kujua hadi vikisafishwa. Utando wa juu yake ni wa gelatini, na maji ya kusafishia yakiwa ya vuguvugu gelatini inalainika, picha inateleza na kuondoka. Fikiria kuifanya kazi hiyo Tanga mwezi wa Februari, bila barafu.

SWALI: Kwa heshima zote, vita vile vilipiganwa mlangoni kwetu. Kwa nini watoto wetu wamuenzi mwanamke wa Ulaya, na tiba ya huku ilikuwa ipi? — Mama mzazi, Muheza

JIBU: Mama, hoja yako ina uzito na tunaikubali zaidi ya nusu. Marie Curie anastahili heshima popote majeruhi anapopigwa eksirei kabla ya kupasuliwa, hospitali ya Bombo ikiwemo. Lakini maonyesho yatakayofanyika Tanga mwezi wa Novemba bila kusema neno juu ya vita vya Tanga yatakuwa na pengo. Wekeni ukuta wa pili.

Yaandikwe haya. Jeshi la Uingereza, wengi wao askari wa Kihindi, kama 8,000, lilishuka Tanga likakutana na askari wa Kijerumani na Waafrika waliokuwa kama 1,000. Tarehe 4 Novemba mapigano yaliingia hadi mitaani, nyuki wakachafuka wakawashambulia wote, na Waingereza wakarudi melini wakiwa wamepoteza zaidi ya watu 800 kati ya waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea. Majeruhi wao wengi waliachwa nyuma, wakatibiwa na madaktari wa Kijerumani chini ya bendera nyeupe.

Baada ya hapo adui mkubwa wa pande zote akawa maradhi. Manowari za Uingereza zilifunga bahari, dawa hazikuingia. Na hapa, Mama, ni mlimani kwenu: taasisi ya kilimo ya Amani, iliyoanzishwa mwaka 1902 katika Usambara ya Mashariki, ilikuwa na mikwinini, na wakati wa vita ilitengeneza vidonge vya kwinini kwa ajili ya jeshi la Wajerumani. Waingereza walipoichukua Tanga Julai 1916 na nchi ya kaskazini ikawaponyoka Wajerumani, hao waliondoka na magome, wakayachemsha na kuinywa kwinini ya maji, chungu ajabu. Bandeji nazo zilitengenezwa kwa magome ya miti. Hayo pia ni matibabu ya vita, na yanafaa kuonyeshwa: gome la mkwinini, sufuria, na maelezo kwamba malaria iliwaangusha watu wengi kuliko risasi.

Waliobeba hayo yote ni wapagazi, wanaume kwa wanawake, walioswagwa na pande zote mbili. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa kuhara, malaria, nimonia na njaa, na majina ya wengi wao hayakuandikwa. Majeruhi wa Ufaransa alifuatwa na gari la eksirei; mpagazi wa Usambara hakufuatwa na mtu. Kuwaweka hawa wawili kwenye ukuta unaotazamana ndiyo heshima ya kweli kwa kazi ya Marie Curie, aliyeanzia kwenye swali hilo hilo la nani hafikiwi. Kama kwenu kuna bibi mwenye simulizi aliyorithi kwa wazazi wake kuhusu upagazi, vijana waende na daftari mapema, kabla ya mwezi wa kumi.

SWALI: Muuza vyuma chakavu amejitolea kutupa mashine ya eksirei iliyokufa, ya zamani, ili tuiweke kwenye maonyesho. Je, ina mionzi? — Kamati ya wazazi, Chumbageni

JIBU: Mashine ya eksirei isiyo na umeme haitoi mionzi hata chembe, ni kama taa iliyozimwa. Hata hivyo msiichukue hadi mjue kweli ni ya eksirei. Zipo mashine za tiba zenye madini ya mionzi ndani yake, na hizo hazizimiki. Ukiona alama ya mionzi ya pembe tatu, njano au nyekundu, au chuma kizito kupita umbo lake, msifungue, msibebe. Toeni taarifa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, ambayo ndiyo yenye kazi hiyo. Na hata iliyo salama kwa mionzi ina hatari nyingine: chupa ya kioo iliyotolewa hewa hupasuka kwa kishindo ikigongwa, mafuta ya transfoma ya zamani huweza kuwa na sumu, na kuna risasi ile ya madini katika kuta zake. Kwa shule, ikataeni kwa adabu. Baiskeli na simu zinafundisha zaidi.

SWALI: Ni kweli kilichomuua ni radiumu? — Mzee wa Raskazone

JIBU: Mzee wetu, alifariki tarehe 4 Julai 1934 kwa upungufu mkubwa wa damu, uboho wake ukiwa umeacha kutengeneza damu. Miaka mingi ilisemwa ni radiumu. Mwaka 1995 mabaki yake yalipohamishiwa Panthéon mjini Paris, mwanamke wa kwanza kuzikwa humo kwa sifa zake mwenyewe, wataalamu waliyapima wakakuta radiumu kidogo kuliko ilivyotarajiwa. Wakaona kwamba huenda lawama kubwa ni ya eksirei za wakati wa vita. Irène naye alifariki mwaka 1956 kwa saratani ya damu.

Wakati ule walijikinga kwa glavu, kwa vizuizi vya chuma, na kwa kukwepa kusimama mbele ya mionzi. Havikutosha. Leo mpigaji eksirei husimama nyuma ya ukuta wenye madini ya risasi, huvaa kipimo kifuani kinachosomwa kila baada ya muda, na huutumia umbali kama ngao: ukisimama mita 2 badala ya mita 1, unapata robo ya mionzi. Mama mjamzito aseme mapema kabla ya kupigwa picha, bila kungoja aulizwe.

SWALI: Wengine kwetu wanasema aenziwe Florence Nightingale badala yake. — Muuguzi, Pangani

JIBU: Nightingale, muuguzi Mwingereza wa vita vya Crimea, ana siku yake, tarehe 12 Mei, aliyozaliwa, ambayo ndiyo Siku ya Wauguzi Duniani. Mwekeeni Mei. Na mkifika hapo msimsahau Mary Seacole wa Jamaika, aliyewahudumia askari katika vita vile vile vya Crimea kwa fedha zake, na sanamu yake ikasimamishwa London mwaka 2016 tu.

SWALI: Tunataka kibao cha kudumu ukutani. Kiwe cha nini, na kiandikwe nini? — Kamati ya wazazi, tena

JIBU: Mko mita mia kadhaa kutoka baharini, kwa hiyo chumvi ndiyo itakayoamua. Bati lililopakwa rangi litaanza kutoa machozi ya kutu kwenye matundu ya skrubu mapema sana. Shaba hupendeza, lakini hugeuka kijani asipokuwepo wa kuisugua. Chuma cha pua kinafaa kikiwa cha daraja la 316. La 304 hupata madoa ya kahawia karibu na bahari, na fundi akikwambia "stenlesi ni stenlesi" mwombe risiti yenye namba. Granaiti iliyochongwa herufi ni ghali zaidi, lakini ukishaiweka unaweza kuisahau. Vyovyote mtakavyochagua, skrubu ziwe za chuma kile kile cha 316. Skrubu ya kawaida ndani ya kibao cha 316 huliwa haraka, na siku moja mtakikuta chini.

Ukubwa wa sentimita 60 kwa 40 unatosha. Herufi za jina ziwe na kimo cha sentimita 2.5, zisomeke kutoka mita 3. Maelezo sentimita 1.2. Maneno yasizidi 50. Msomaji amesimama juani, mtu wa pikipiki anampigia honi. Hana muda wa aya nne. Mchongaji atataka kuandika "Sklodowska", jina lake la Kipolandi la kuzaliwa, kwa L ya kawaida. Herufi ile ina mkato, Ł, na mwandikieni kwa mkono kwenye karatasi kabla hajaanza. Tunapendekeza hivi:

*MARIE SKŁODOWSKA CURIE, 1867–1934. Mwanafizikia. Katika vita vya 1914–1918 aliwapelekea majeruhi eksirei kwa magari, akawafundisha wanawake 150 kazi hiyo.*

Na chini yake, kwa herufi za ukubwa ule ule:

*WAPAGAZI WA VITA HIVYO HIVYO, waliobeba dawa, chakula na risasi katika nchi hii, wakafa kwa makumi ya maelfu. Majina ya wengi wao hayakuandikwa.*

Kiangikeni upande wa ukuta usiopigwa na upepo wa baharini, kimo cha mita 1.4 kutoka chini hadi katikati ya kibao, ili mtoto wa darasa la tano asome bila kuinua shingo.